Ekseli iliyonyooka kwa gari la mradi wa sayansi

Gari la mradi likitoka kwenye mstari na kugonga ukuta, watu wengi hulaumu rababendi, puto au betri. Mara nyingi kosa liko chini ya gari. Ekseli, yaani fimbo inayobeba magurudumu, ikipinda hulifanya gurudumu liyumbe, gurudumu linaloyumba husugua bodi, na nguvu ndogo iliyokuwepo huishia kwenye msuguano huo badala ya kusukuma gari.

Maelezo haya ni ya gari dogo la magurudumu manne lenye kibao cha plaiwudi cha sentimita 20 kwa 8. Ekseli mbili ziko umbali wa sentimita 15. Magurudumu yamebanwa kwenye ekseli, na ekseli inazunguka ndani ya mrija uliogundishwa chini ya kibao. Mtindo huu ndio mzuri zaidi kwa mwanafunzi, kwa sababu mrija mmoja unaopita upana wote wa gari huhakikisha kwamba matundu ya pande mbili yanatazamana. Wanaopigilia misumari minne, mmoja kila pembe, wanajipa kazi ya kunyoosha vitu vinne badala ya viwili, na ni nadra sana vyote vinne vikae sawa.

Fimbo: anza na kilichonyooka tayari

Kunyoosha fimbo kunawezekana na njia zake zipo hapa chini. Lakini kuchagua fimbo iliyonyooka ni rahisi mara kumi kuliko kunyoosha iliyopinda, kwa hiyo tumia muda wako dukani au kwa fundi.

Chaguo la kwanza ni spoku ya baiskeli. Ni chuma kigumu, ni mviringo kamili, unene wake ni milimita 2 au zaidi kidogo, na inapatikana kila mahali penye fundi baiskeli. Spoku ya ringi 28 inakaribia urefu wa sentimita 30. Ukiondoa kichwa kilichopinda upande mmoja na sehemu yenye meno ya nati upande wa pili, unabaki na karibu sentimita 28, zinazotosha ekseli mbili. Ukienda, msalimie fundi, mwambie ni kazi ya shule, na beba kipande cha kioo au taili ili upime palepale. Spoku zilizotolewa kwenye ringi iliyogongwa huwa zimepinda katikati hata kama jicho halioni. Chukua nne, ingawa utatumia mbili tu, moja kwa kila ekseli.

Vijiti vya mishikaki vya mianzi vyenye unene wa milimita 3 vinafaa kwa gari jepesi la puto. Matatizo yake ni mawili: mianzi hunyonya unyevu na kujipinda tena, hasa pwani, na vijiti vingi si mviringo kamili. Ukikizungusha kijiti kati ya vidole utahisi upande bapa. Hicho kiache.

Fimbo ya kuchomelea ya milimita 2.5 nayo ni nyoofu na bei yake ni ndogo, ila lazima uigonge taratibu na kuisugua kwa msasa hadi unga wote uliogandishwa juu yake utoke. Ukikaza mkono wakati wa kugonga unaipinda mwenyewe. Msumari wa inchi nne ni mnene na mzito kwa gari hili, na chini ya kichwa una mikwaruzo ya mashine inayokula mrija. Waya wa kufungia nondo usiutumie hata kidogo kwenye ekseli inayovutwa na rababendi: ni laini mno, utanyooka asubuhi na kupinda jioni.

Kupima kwa kioo na karatasi

Weka fimbo juu ya kioo cha dirisha au taili laini, si juu ya meza ya mbao. Inua upande mmoja wa kioo kwa sentimita 2 na uiache fimbo ibingirike. Iliyonyooka inashuka kwa mwendo mmoja na sauti moja. Iliyopinda inaenda kwa kurukaruka, inatoa sauti ya tak-tak, na ikisimama husimama kila mara kwa upande uleule chini.

Sasa pima imepinda kiasi gani. Laza kioo sawasawa, izungushe fimbo hadi mgongo wa upinde uwe juu, kisha angalia mwanga chini yake. Karatasi ya kawaida ya A4 ya gramu 80 ina unene wa karibu milimita 0.1. Kata vipande vyembamba vya karatasi hiyo, vipange kimoja juu ya kingine, na uone vinapita vingapi katikati ya fimbo bila kuisukuma. Vikipita vitatu, fimbo imepinda milimita 0.3. Kipimo hiki hakigharimu kitu, na takwimu yake unaweza kuiandika kwenye ripoti ya mradi.

Kwa ekseli ya sentimita 11 au 12, vipande viwili havina shida. Vitatu hadi vitano, nyoosha. Zaidi ya hapo, tafuta fimbo nyingine kama ipo.

Kunyoosha

Kwa spoku, tumia njia ya nguzo mbili. Weka vijiti viwili vya mbao juu ya meza, umbali wa sentimita 6. Laza spoku juu yake, mgongo wa upinde ukiwa juu katikati, na uuwekee alama kwa kalamu ya maka. Bonyeza kwenye alama kwa kipande cha mbao, siyo kwa chuma. Chuma cha spoku kina tabia ya kurudi: ukikibonyeza kidogo kinarejea kilivyokuwa kama hakijaguswa. Lazima ukipitishe kidogo upande wa pili ndipo kikirudi kikae sawa. Bonyeza, achia, rudisha kwenye kioo, hesabu karatasi. Ongeza nguvu kidogo kidogo. Mtu mwenye haraka hubonyeza mara moja kwa nguvu, akapata upinde mpya upande wa pili, na akiendelea hivyo fimbo inakuwa na mawimbi. Fimbo yenye mawimbi haifai tena, kwa sababu hujui tena mgongo uko wapi.

Nyundo moja kwa moja kwenye spoku ni kosa. Inaacha bapa, na bapa hilo litakwama ndani ya mrija kila mzunguko. Kama huna budi kutumia nyundo, weka kibao chini na kibao juu.

Waya laini, kwa mfano wa henga ya nguo, unanyooshwa kwa kuvutwa. Kata sentimita 60, bana ncha moja kwenye jiliwa na nyingine kwenye kichwa cha drili. Rudi nyuma hadi waya ukaze kabisa, kisha zungusha drili polepole mizunguko kumi hadi ishirini ukiwa bado umevuta. Utahisi waya ukirefuka kidogo. Hapo ndipo mikunjo inapotoka, na waya wenyewe unakuwa mgumu kuliko ulivyokuwa. Vaa miwani ya kukinga macho, mtu mzima awepo, na asisimame yeyote kwenye mstari wa waya, maana ukikatika unachapa kama mjeledi. Njia hii haifanyi kazi kwa spoku. Chuma chake ni kigumu mno kwa mkono.

Kijiti cha mianzi kipitishe juu ya makaa au mshumaa, mbali kiasi kwamba kinapata joto bila kuungua, kikunje kidogo kinyume cha upinde, na ukishikilie hivyo hadi kipoe. Ukikiachia kingali na joto, kinarudi. Kisha kipake nta au vanishi na ukihifadhi kimelazwa chini ya vitabu vizito.

Kukata bila kuharibu

Koleo la kukatia hubana chuma kutoka pande mbili kabla ya kukikata. Ncha inabaki bapa na pana kuliko fimbo, na mara nyingine imepinda. Kata kwa msumeno wa chuma, fimbo ikiwa imebanwa kati ya vibao viwili karibu kabisa na unapokata. Baadaye izungushe ncha kwenye tupa hadi ukipitisha kidole usihisi makali. Makali hayo, hata kama ni madogo kama chembe ya mchanga, yatakwaruza mrija wote wakati wa kuingiza ekseli, na mrija uliokwaruzwa hauzungushi vizuri tena.

Lakini usikate bado kwa urefu wa ekseli. Ondoa kichwa kilichopinda tu. Spoku ndefu ina kazi mbili kabla ya kukatwa.

Mrija: hapa ndipo wengi wanapoharibu

Unaweza kuwa na spoku iliyonyooka kama mshale ukaitia kwenye mrija wa soda, na kazi yote ikawa bure. Hesabu yake ni hii. Mrija wa kawaida wenye tundu la milimita 5.5 ukipokea ekseli ya milimita 2, unabaki uwazi wa milimita 3.5. Ekseli inaweza kusogea mbele upande wa kushoto na nyuma upande wa kulia. Milimita 3.5 kwa mrija wa milimita 80 ni mwinamo wa nyuzi 2.5. Gari lenye ekseli ya mbele iliyoinama hivyo na nyingine iliyo sawa linataka kuzunguka duara lenye nusu kipenyo cha mita 3 na nusu hivi. Haliwezi kufuata mstari wa chaki.

Uwazi unaotakiwa ni kati ya milimita 0.2 na 0.5. Tembea na spoku yako mkononi unapotafuta: bomba la wino la kalamu iliyokwisha, kijiti cha pipi chenye tundu, mrija mwembamba wa aina yoyote usiojikunja. Spoku iingie bila kusukumwa, na ukiutikisa mrija usisikie mgongano mkubwa. Bomba la wino likikaza kidogo, tumia ncha ya spoku yenye meno ya nati: sehemu hiyo ni nene kuliko fimbo yenyewe kwa sehemu ndogo ya milimita, kwa hiyo ukiizungusha taratibu ndani ya bomba inalipanua kiasi kinachohitajika hasa. Ikimaliza kazi hiyo, ikate.

Kama umepata mrija mpana tu, usiutupe. Chomeka kipande cha sentimita 1 cha mrija mwembamba kila ncha. Ekseli itashikwa kwenye ncha mbili na kuelea katikati, na msuguano utapungua pia.

Kuweka mirija: 8, 15, 17

Kata mirija miwili ya sentimita 8 kamili. Geuza kibao, chora mstari wa katikati kwa urefu, kisha chora mistari miwili inayoukata kwa pembe mraba, umbali wa sentimita 15. Tumia seti-skwea, siyo macho.

Vipimo hivi havikuchaguliwa kwa bahati. Mrija wa sentimita 8 na umbali wa sentimita 15 vinatoa mshazari wa sentimita 17 kamili, kwa Pithagora yuleyule wa darasani: 64 kujumlisha 225 ni 289. Basi una njia ya kujikagua kwa rula tu. Pima kwanza ubavu wa kushoto na wa kulia, kutoka ncha ya mrija wa mbele hadi ya nyuma. Vyote viwe 15. Kisha pima mishazari miwili. Yote iwe 17. Mbavu zikitofautiana, ekseli hazilingani na gari litapinda njia. Mbavu zikiwa sawa lakini mishazari ikatofautiana, gari litaenda moja kwa moja huku mwili wake umekaa upande kama mbwa anayekimbia. Haipendezi, lakini halitoki kwenye mstari. Kwa hiyo ukiwa na muda wa kusahihisha kitu kimoja tu, sahihisha mbavu.

Kosa la milimita 1 ni kubwa kuliko linavyoonekana. Ncha moja ya ekseli ya mbele ikitangulia milimita 1 kwa upana wa milimita 100, gari linafuata duara la nusu kipenyo cha mita 15. Baada ya kusafiri mita 3 limetoka kwenye mstari kwa sentimita 30. Kwenye mita 5 limetoka kwa zaidi ya sentimita 80.

Ndiyo maana spoku haijakatwa. Ingiza spoku mbili za sentimita 28 ndani ya mirija kabla gundi haijakauka, zitokeze sawa pande zote mbili, kisha pima umbali kati ya ncha zake badala ya ncha za mirija. Kosa lililokuwa milimita 1 kwenye mrija sasa linaonekana kama milimita 3 na nusu, na rula ya shule inalikamata bila shida. Halafu inamisha jicho mbele ya gari utazame spoku ya mbele na ya nyuma kwa pamoja. Zinapaswa kufunikana kama mstari mmoja. Zikikatana kama mkasi, mrija mmoja umeinuka upande, na gari litasimama kwa magurudumu matatu.

Gundi iwe inayokauka polepole. Supaglu inakauka kabla hujamaliza kupima, tena ni nyepesi kama maji: inanyonywa ndani ya mrija na kuikamata ekseli humohumo. Gundi ikishakauka vizuri, chomoa spoku, zikate sentimita 11.5 kila moja, na ulainishe ncha.

Ekseli ya nyuma ya gari la rababendi inahitaji nafasi katikati ya kuzungushia rababendi. Usigundishe mirija miwili mifupi. Gundisha mmoja mzima, ukauke, kisha ukate na kuondoa sentimita 2 za katikati kwa wembe. Vipande viwili vinavyobaki vitakuwa kwenye mstari mmoja kwa sababu vilizaliwa pamoja.

Magurudumu yasiiharibu ekseli

Ndala kuukuu (kandambili) ndiyo mali ghafi bora. Chora duara kwa bikari, kipenyo sentimita 5. Tundu la sindano ya bikari ndilo kitovu chako, usilipoteze. Toboa kwa msumari mwembamba kuliko ekseli, ili ndala iibane yenyewe. Tundu likienda mshazari, gurudumu litayumba hata ekseli ikiwa kamilifu, kwa hiyo toboa kwanza kibao cha unene wa sentimita 3 kwa unyoofu, halafu kitumie kama njia ya msumari. Vifuniko vya chupa vilivyogundishwa pande mbili za ndala huzuia gurudumu kuteleza juu ya ekseli rababendi inapovuta.

Hakuna mkono unaokata duara kamili. Bana ekseli yenye gurudumu kwenye drili, izungushe polepole, na usogeze msasa wa namba 120 uliofungwa kwenye kibao hadi ukingo uwe mviringo. Magurudumu mawili ya ekseli moja yawe na kipenyo sawa kabisa: 50 upande huu na 49 upande ule hubingirika kama koni, na peke yake ekseli hiyo ingezunguka duara la nusu kipenyo cha mita 5. Hili hudhuru kuliko kosa la mirija, na wengi hawalipimi.

Kati ya gurudumu na mrija tia ushanga mmoja, na uache nafasi ya milimita 1 hivi kila upande. Paka ekseli risasi ya penseli laini. Mafuta hunasa vumbi, kwa hiyo yaache.

Kusoma dalili

Gurudumu likitikisika kulia na kushoto linapozunguka, ama ekseli imepinda ama tundu limeenda mshazari. Legeza gurudumu, lizungushe nusu mzunguko juu ya ekseli bila kugusa ekseli, ujaribu tena. Mtikisiko ukihama pamoja na gurudumu, tundu lina kosa. Ukibaki palepale, ni ekseli. Gurudumu likipanda na kushuka, kitovu hakiko katikati. Ekseli ikizunguka vizuri kisha kukwama mahali palepale kila mara, tafuta bapa, makali au tone la gundi.

Jaribio la mwisho fanya sakafuni. Kibao cha mita 1 kilichoinuliwa sentimita 10, mstari wa chaki wa mita 3, na gari liachiwe bila kusukumwa mara tano. Kisha hamisha kila kitu na uliachie kutoka upande wa pili wa chumba. Likipinda kushoto kwake safari zote, kosa ni la gari. Likielekea ukuta uleule kila mara, kwanza kushoto kwake na kisha kulia, sakafu ndiyo imeinama.

Usiku wa kuamkia maonyesho, liweke gari juu ya boksi dogo ili magurudumu yaning'inie. Ndala iliyobeba uzito usiku kucha hupata upande bapa. Ekseli moja ya akiba iweke ndani ya ganda tupu la kalamu, siyo mfukoni.